Kliniki moja, kengele mbili: kalenda ya simu inapojirudia

MSHIKA mbili moja humponyoka. Waliotuachia methali hii hawakujua simu wala kompyuta, lakini lau wangalikuwa hai leo, wakiishi Umoja au South B, wangeielekeza moja kwa moja kwa kalenda tuzibebazo mifukoni.

Wapenzi wasomaji, leo tuzungumzie jambo dogo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za mijini bila kubisha hodi. Unafungua simu asubuhi uone shughuli za siku, unakuta mkutano wa chama umeandikwa mara mbili, saa ile ile, mahali pale pale. Siku ya kuzaliwa ya mtoto imeandikwa mara tatu, kana kwamba walizaliwa watatu. Kengele ya kukumbusha inalia, unaizima, na kabla hujaiweka simu mezani inalia tena. Wengi wetu huguna, tukafuta moja, tukaendelea na shughuli zetu. Hapo ndipo hatari huanzia.

Shughuli inayoonekana mara mbili si takataka tu ya kufagiwa. Ni ishara kwamba shughuli hiyo ina makao mawili. Usipojua makao hayo yako wapi, kuifuta ni sawa na kukata waya ambao hujui unapeleka umeme chumba gani.

Nyanya na kliniki

Tuchukue mfano. Nyanya ana shinikizo la damu na huhudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu. Mama anaandika tarehe katika simu yake: Alhamisi, saa tatu asubuhi. Binti yake, aliye mwaka wa pili chuoni na ambaye ndiye humsindikiza nyanya, naye anaiandika katika kalenda ya familia, ile ambayo baba, mama na yeye huiona kila mmoja kwa simu yake. Sasa katika simu ya mama kliniki zimekuwa mbili. Moja ni ile aliyoiandika mwenyewe, na nyingine imeletwa na kalenda ya familia.

Kwa majuma kadhaa hakuna madhara yoyote, maana zote mbili zinasema kweli. Kisha hospitali inapiga simu: daktari hatakuwapo Alhamisi, mgonjwa aletwe Jumanne ifuatayo. Mama anafungua kalenda, anagusa ile ya kwanza anayoiona, anaisogeza hadi Jumanne, kisha anarudi kazini akijua mambo yamekwisha. Kumbe aliyoisogeza ni ile yake ya faragha, iliyomo ndani ya simu yake peke yake. Ile ya familia imebaki Alhamisi.

Siku ikifika, binti anaamka alfajiri, anakosa somo, anampandisha nyanya matatu mbili, wanapanga foleni, na ifikapo saa nne wanaambiwa warudi nyumbani.

"Lakini mama, kwangu imeandikwa ni leo," binti analalamika kwa simu.

"Na kwangu ni Jumanne, mwanangu. Nilibadilisha mimi mwenyewe."

Wote wawili wanasema kweli, ilhali nauli imekwenda, nyanya amechoka, na dawa zake zinaisha Jumapili. Hiyo ndiyo tabia ya shughuli pacha. Haziumi siku zinapozaliwa. Huuma siku moja inapohama na nyingine ikabaki.

Kitambulisho

Kwa nini basi mashine, ambayo huhesabu haraka kuliko karani yeyote, ishindwe kuona kwamba kliniki hizo mbili ni moja? Jibu ni kwamba kompyuta haiitambui shughuli kwa jina wala kwa saa yake. Huitambua kwa nambari ya kitambulisho.

Ukienda kupiga kura, karani haridhiki na jina lako tu, kwa sababu majina hufanana. Anataka kitambulisho. Ndivyo zilivyo kalenda za simu. Mnamo Novemba 1998 wataalamu wawili, Frank Dawson na Derik Stenerson, walitoa kanuni iitwayo iCalendar, ambayo ilifanyiwa marekebisho Septemba 2009 na ambayo hadi leo ndiyo lugha inayoziwezesha kalenda za Google, Apple na Microsoft kuelewana. Katika kanuni hiyo kila shughuli hupewa UID, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usiotakiwa kufanana na mwingine wowote duniani. Pamoja nao kuna nambari ya marekebisho. Ukiihamisha shughuli kutoka Alhamisi hadi Jumanne, kitambulisho hubaki kile kile na nambari ya marekebisho hupanda, ili simu nyingine ijue kwamba huyu si mgeni, ni yule yule aliyehama.

Mama alipoiandika kliniki, iliandikishwa kwa kitambulisho kimoja. Binti alipoiandika upya, ikapewa kingine. Machoni pa mashine hao ni watu wawili waliozaliwa siku moja wakapewa jina moja.

Wala tusiilaumu. Mzazi mwenye watoto wawili katika shule moja anaweza kuwa na "Mkutano na mwalimu" mara mbili siku hiyo hiyo, saa nane, mmoja kwa kila mtoto. Mashine ikizoea kuunganisha kila zinazofanana jina, siku moja itameza mkutano wa kweli.

Majina nayo hubadilika. Chukua tarehe 10 Oktoba. Kwa miaka mingi iliitwa Siku ya Moi, baadaye ikawa Siku ya Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Simu yenye kalenda mbili za sikukuu, moja ikitoka kwa waliotengeneza simu na nyingine kwa Google, yaweza kukuonyesha majina mawili kwa likizo moja iwapo mmoja wao amechelewa kurekebisha orodha yake.

Nasi Waswahili tuna letu. Simu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu kuanzia macheo. Saa tatu asubuhi kwa simu ni 9:00. Mmoja nyumbani akiandika 3:00 kwa mazoea ya ulimi na mwenzake akaandika 9:00, familia itakuwa na kliniki mbili, na kengele moja itawaamsha saa tisa usiku.

Milango minne

Je, pacha hawa huingilia wapi? Aghalabu huingia kwa milango minne.

Mlango wa kwanza ni ule wa simu yenyewe na akaunti. Simu nyingi, zikiwemo za Samsung, huwa na kalenda iliyohifadhiwa ndani ya simu tu, na papo hapo huonyesha kalenda ya akaunti ya Google iliyohifadhiwa mbali, kwenye kompyuta za kampuni hiyo. Ukiandika shughuli mpya, kuna mstari mdogo unaosema itawekwa katika kalenda ipi. Ni wachache wanaousoma. Leo unaandika humu, kesho kule, na baada ya mwaka hujui kipi kiko wapi.

Mlango wa pili unawahusu zaidi wanafunzi. Mfumo wa masomo wa Moodle, unaotumiwa na vyuo vingi, humruhusu mwanafunzi kuchukua tarehe za kazi za masomo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupakua faili na kuiingiza katika kalenda yake. Ya pili ni kuchukua anwani ya mtandao na kuiambia kalenda iifuate. Tofauti yake ni kubwa. Kuingiza faili ni kama kupiga fotokopi ya ratiba iliyobandikwa ubaoni: ratiba ikibadilika, fotokopi yako haina habari. Kufuata anwani ni kama kulitazama lile lile bao kila mara, ijapokuwa habari mpya huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Anayefanya yote mawili huona kila kazi mara mbili. Na mhadhiri akiahirisha tarehe ya kukabidhi, moja husogea, nyingine husimama pale pale.

Anayepakua faili mpya kila ratiba inaporekebishwa yumo hatarini pia. Ikiwa mfumo uliotoa faili hutunza vitambulisho vile vile, programu nzuri itajua kwamba haya ni marekebisho. Ikiwa hutoa vitambulisho vipya kila mara, ratiba nzima huingia upya juu ya ile ya zamani.

Mlango wa tatu ni wa mabomba mawili kutoka tangi moja. Baba ana kalenda ya ofisi. Ameiweka katika simu moja kwa moja, halafu siku nyingine akaifanya kalenda yake ya Google iifuate, na Google nayo imo katika simu ile ile. Kila mkutano wa ofisi unamfikia kwa njia mbili. Hapa hakuna aliyeandika mara mbili, ni maji yale yale yanayopita mabomba tofauti.

Mlango wa nne ni wa barua pepe. Tiketi ya ndege ya kwenda Kisumu ikitumwa kwa Gmail, Google huweza kuiweka safari hiyo katika kalenda bila kuulizwa. Nawe kwa uangalifu wako uliiandika mara tu ulipolipa. Sasa una ndege mbili, na safari ikiahirishwa ile uliyoiandika kwa mkono haitasogea mpaka uisogeze mwenyewe.

Heri mbili kuliko kukosa

Kuna sababu nyingine iliyofichika zaidi, nayo yafaa kueleweka kwa sababu ndiyo inayoleta mafuriko ya pacha kwa siku moja.

Kulinganisha kalenda mbili, kazi ambayo simu zenye menyu za Kiswahili huiita kusawazisha, kulianza kufika kwa watu wa kawaida mwaka 1996 kilipotolewa kidaftari cha kielektroniki kiitwacho Pilot. Mtu alikiweka juu ya kitako chake kando ya kompyuta, akabonyeza kitufe kimoja, na kalenda mbili zikalingana. Kilipounganishwa na kompyuta ile ile kila siku, kilitazama tu mambo yaliyobadilika tangu jana. Kilipounganishwa na kompyuta nyingine, kwa mfano ya ofisini, kililazimika kulinganisha kila kitu upya, na kazi ikawa ndefu na yenye mashaka.

Mashaka yenyewe ni haya. Wakutanapo makarani wawili, daftari la mmoja lina harusi ya Jumamosi, la mwenzake halina. Je, harusi imeongezwa huku, au imefutwa kule? Kwa kutazama madaftari mawili tu, hakuna awezaye kujua. Ni lazima wakumbuke madaftari yalivyokuwa walipokutana mara ya mwisho. Ikiwa kumbukumbu hiyo imepotea, hubaki kubahatisha, na programu iliyotungwa kwa busara huchagua kutopoteza. Heri uone harusi mbili kuliko usione hata moja.

Ndiyo maana aghalabu pacha humiminika baada ya kununua simu mpya na kurudisha vitu vya simu ya zamani, au baada ya kuondoa akaunti na kuiweka tena. Kumbukumbu ya mkutano wa mwisho imekatika, na mashine inajilinda kwa kurudufisha. Inakuachia wewe uamue ipi ni ya kweli.

Kanuni nazo hazifiki kila mahali. Ile iitwayo CalDAV, iliyotolewa Machi 2007 kuhusu namna simu inavyozungumza na kalenda iliyo mbali, inakataza shughuli mbili zenye kitambulisho kimoja ndani ya kalenda moja. Lakini katazo hilo huishia mlangoni mwa kalenda hiyo. Shughuli ile ile yaweza kukaa katika kalenda mbili tofauti, na simu yako, ikizionyesha kalenda zote kwa pamoja, ikakuonyesha zote mbili.

Usifute haraka

Sasa tuone kwa nini nimesema hatari huanzia katika kufuta.

Kwanza, ukifuta shughuli katika kalenda ya familia, haifutiki kwako tu. Hufutika kwa kila anayeitazama kalenda hiyo. Wewe waona umeondoa nakala, kumbe umewanyang'anya wenzako ile ya asili.

Pili, ikiwa ni wewe uliyewaalika wengine kwa kalenda, kuifuta huweza kuwapelekea habari kwamba mkutano umevunjwa. Mweka hazina wa chama anayesafisha simu yake usiku anaweza kuamka na kukuta wanachama kumi wakiuliza kwa nini hakuna mkutano.

Tatu, shughuli inayojirudia kila juma ina swali lake: wafuta ya leo tu, au zote? Kidole kikikosea, mazoezi ya kwaya ya mwaka mzima yametoweka.

Nne, wako watakaokushauri ufute data yote ya kalenda katika simu ili ianze upya. Zile zilizohifadhiwa katika akaunti zitarudi zenyewe kutoka mbali. Zile zilizokuwa ndani ya simu tu hazina pa kurudia. Kwa kweli hizo ndizo za kuhurumiwa hata pasipo kufuta, kwa maana simu ikinyakuliwa dirishani mwa matatu, zimekwenda nayo.

Fanya hivi

Basi mtu afanyeje? Tenga nusu saa jioni moja, ikiwezekana familia yote ikiwa mezani, kisha mfuate hatua hizi.

Anza kwa kusoma bila kufuta. Gusa pacha mmoja na utazame chini yake jina la kalenda au akaunti iliyomo. Gusa wa pili ufanye vivyo hivyo. Katika visa vingi utaona majina mawili, na hapo utakuwa umeyajua makao yote mawili.

Pili, ficha kabla ya kufuta. Katika orodha ya kalenda zako kila moja ina kisanduku chenye alama. Ondoa alama kwa kalenda moja na utazame tena. Ikiwa pacha wote wametoweka na kila shughuli imebaki moja, mlango umeupata, na hakuna kilichopotea. Kwa sikukuu na siku za kuzaliwa zinazojirudia, aghalabu dawa huishia hapa.

Tatu, weka nakala. Kwa kalenda ya Google, ukiifungua katika kompyuta, mipangilio ina mahali pa kuhamisha kalenda zako kuwa faili. Ihifadhi faili hiyo kando. Na ukifuta kwa makosa, pipa la taka la Google hutunza shughuli kwa muda wa takriban siku 30.

Nne, chagueni makao mamoja. Kalenda moja ya familia, katika akaunti moja, ndiyo iwe ya asili kwa mambo yanayomhusu zaidi ya mtu mmoja: kliniki, karo, siku ya kuwatembelea watoto shuleni, safari ya mashambani. Kisha katika kila simu iwekeni hiyo kuwa ndiyo inayopokea shughuli mpya. Zile zilizosalia ndani ya simu, zihamisheni au mziandike upya humo, na ndipo mfute za zamani. Kwa mwanafunzi, chagua kufuata anwani, na uache kuingiza faili.

Tano, amueni nani anaandika. Yule anayepokea habari ya mabadiliko ndiye aibadilishe katika kalenda ya familia, halafu amwombe mwingine atazame simu yake: "Imesogea kwako pia?" Swali hilo halichukui hata nusu dakika. Jibu likiwa la, mmegundua pacha kabla hajawagharimu nauli.

Zamani nyumba nyingi zilikuwa na kalenda moja ya karatasi, zawadi ya benki au ya duka, imetundikwa ukutani sebuleni na kalamu ikining'inia kwa uzi. Haikuwa na kengele wala haikufuata mtu safarini. Lakini kila aliyetaka kujua jambo alijua pa kutazama, na aliyebadilisha tarehe aliibadilisha mbele ya macho ya wote. Simu zimetupa mengi kuliko ukuta ule, ila shauri la kuwa na mahali pamoja hazikutupa. Hilo tumeachiwa sisi wenyewe tulikate, na hakuna programu itakayotukatia.

Hadi Jumapili ijayo, wapenzi wasomaji, nawatakia juma lenye shughuli nyingi, kila moja ikiwa mara moja tu.